Moyo na Ini Vikipandikizwa Pamoja: Matokeo Yake, na Mambo Ambayo Familia Inapaswa Kujua Kabla ya Kuitisha Mchango

Wakaazi wa Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Kayole na Dandora, wamezoea kuchangia wagonjwa. Bango lenye picha hubandikwa kwenye lango la mtaa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, nambari ya mchango hutumwa kwa jamaa na majirani, na kanisani au msikitini tangazo husomwa. Mara nyingi lengo ni kumpeleka mgonjwa ng'ambo "akabadilishwe" kiungo. Figo ndiyo inayotajwa zaidi. Lakini siku hizi familia nyingine huambiwa kwamba moyo wa mgonjwa wao umechoka na ini nalo limeharibika, na wao huuliza: je, viungo vyote viwili vinaweza kubadilishwa kwa pamoja? Mtu akibadilishiwa, ataishi kwa muda gani? Na pesa tunazokusanya zitafika wapi?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa lugha nyepesi. Pia yanaeleza unachoweza kufanya hapa Nairobi, kwa sababu magonjwa mengi yanayomfikisha mtu katika hali hiyo huanza na jambo ambalo kituo cha afya cha mtaani kinaweza kulishughulikia.

Kwa nini moyo na ini huharibika pamoja

Moyo ni pampu. Upande wake wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuisukuma hadi kwenye mapafu. Ini liko chini kidogo ya moyo, na damu inayotoka kwenye ini huingia moja kwa moja katika mshipa mkubwa unaoelekea upande huo wa kulia. Pampu ikidhoofika, damu hurudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba. Ini hujaa damu, huvimba na kuuma upande wa kulia chini ya mbavu. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka mingi, ini hupata makovu, na makovu yakizidi huitwa sirosisi. Hapo mgonjwa huwa na matatizo mawili: moyo usiosukuma na ini lisilosafisha damu.

Njia ya pili ni ugonjwa mmoja unaoshambulia viungo vyote viwili, au ini kutengeneza kitu kinachouharibu moyo. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao amiloidosisi, ambapo ini hutengeneza protini mbovu ambayo huganda ndani ya misuli ya moyo. Kuna pia watu wanaozaliwa na ini lisiloweza kuondoa kolesteroli kwenye damu, na mishipa ya moyo wao huziba wakiwa bado watoto. Kwa wagonjwa kama hao, kubadilisha moyo peke yake ni sawa na kupaka rangi ukuta huku paa linavuja. Chanzo kiko kwenye ini.

Kundi la tatu, ambalo limekuwa likiongezeka katika nchi zilizoendelea, ni vijana waliozaliwa na moyo wenye upande mmoja tu unaofanya kazi. Walifanyiwa upasuaji wakiwa watoto na wakaishi hadi utu uzima, lakini kwa miaka hiyo yote ini lao limekuwa likijaa damu. Wanapofika umri wa miaka 20 au 30, moyo na ini huanza kushindwa pamoja.

Upasuaji huu ulianza lini

Upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu ulifanywa barani Afrika. Daktari Christiaan Barnard aliufanya tarehe 3 Desemba 1967 katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Wakati huo madaktari hawakuwa na dawa nzuri za kuuzuia mwili usikikatae kiungo kigeni.

Dawa hizo zilipoboreshwa, milango ilifunguka. Tarehe 14 Februari 1984, katika hospitali ya watoto mjini Pittsburgh, Marekani, timu iliyomhusisha Daktari Thomas Starzl ilimpandikiza moyo na ini kwa pamoja msichana wa miaka 6 aitwaye Stormie Jones. Alikuwa na ule ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli. Baada ya upasuaji, kolesteroli yake ilishuka sana, jambo lililothibitisha kwamba ini jipya lilikuwa likifanya kazi ambayo ini la kwanza halikuiweza. Alirudi shuleni. Mwaka 1990 ini lake lilibidi kubadilishwa tena, na mwezi Novemba mwaka huo alifariki akiwa na miaka 13. Aliishi karibu miaka 7 kwa viungo alivyopewa.

Kisa chake kinaonyesha mambo mawili yanayobaki kweli hadi leo: upasuaji huu unaweza kurudisha maisha, na haumalizi safari ya matibabu.

Matokeo yakoje leo

Katika hospitali chache zenye uzoefu mkubwa, hasa nchini Marekani, rekodi zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 waliopandikizwa moyo na ini kwa pamoja, takriban 85 huwa hai mwaka mmoja baadaye, na takriban 75 huwa hai baada ya miaka 5. Hizo ni takwimu zinazokaribiana na za watu waliopandikizwa moyo peke yake. Kwa mgonjwa ambaye bila upasuaji angebaki na miezi tu, hayo ni mafanikio makubwa.

Kuna jambo jingine ambalo limewashangaza wataalamu. Ungedhani kwamba mtu akiwekewa viungo viwili vigeni, mwili wake utapigana mara mbili zaidi. Imeonekana kinyume chake. Wagonjwa waliopata ini na moyo kutoka kwa mtoaji mmoja hupata visa vichache vya moyo kukataliwa kuliko waliopata moyo peke yake. Inaelekea ini lina uwezo wa kutuliza kinga ya mwili, na utulivu huo huukinga pia moyo uliotoka kwa mtu yule yule.

Hata hivyo, takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Kwanza, wagonjwa hao huchaguliwa. Mtu aliyedhoofika sana, mwenye saratani au maambukizi ambayo hayajatibiwa, au asiye na mtu wa kumtunza nyumbani, huenda asipewe nafasi. Pili, vifo vingi hutokea katika miezi ya mwanzo, kutokana na kutokwa damu, maambukizi au kiungo kipya kushindwa kuanza kazi. Anayevuka mwaka wa kwanza huwa na matumaini mazuri zaidi. Tatu, takwimu hizo ni za mahali ambapo mgonjwa hupata dawa kila siku na vipimo kila anapovihitaji. Mtu aliyepandikizwa kisha akakosa dawa hawezi kutegemea matokeo hayo.

Maisha baada ya upasuaji

Mwili hausahau kwamba kiungo ni cha mtu mwingine. Kwa hivyo mpokeaji humeza dawa za kupunguza kinga kwa maisha yake yote, kwa saa zile zile kila siku. Kuacha kwa siku chache tu kunaweza kuanzisha kukataliwa kwa kiungo. Dawa hizo nazo zina bei yake mwilini: humfanya mtu aambukizwe kwa urahisi, kifua kikuu kikiwemo, huweza kuumiza figo, kupandisha presha na kuleta kisukari.

Mpokeaji anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kila wiki mwanzoni na baadaye kila baada ya miezi kadhaa, na moyo wake kuchunguzwa. Hapaswi kunywa dawa yoyote, za mitishamba zikiwemo, bila kumuuliza daktari wake, kwa kuwa baadhi huongeza au kupunguza nguvu ya dawa za kupunguza kinga. Anaishi kwa usafi wa maji na chakula. Katika nyumba ya chumba kimoja yenye watu sita, hilo ni jambo la kupangwa mapema na familia nzima.

Je, inafanywa Kenya?

Hapana. Upandikizaji mkubwa ambao umezoeleka nchini ni wa figo, na hutegemea mtoaji aliye hai, kwa kawaida ndugu wa mgonjwa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni miongoni mwa hospitali zinazoufanya, pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na baadhi ya hospitali za binafsi.

Moyo ni suala tofauti kabisa. Mtu ana figo mbili, na anaweza kutoa moja akaendelea kuishi. Ini lina uwezo wa kukua tena, kwa hivyo ndugu anaweza kutoa kipande chake. Lakini kila mtu ana moyo mmoja tu. Moyo hutoka kwa mtu ambaye madaktari wamethibitisha kuwa amefariki, mara nyingi baada ya ubongo wake kufa huku mashine zikiendelea kupeleka hewa na damu mwilini. Kenya haina mpango wa kitaifa wa kupokea na kugawa viungo vya waliofariki.

Muda nao ni mfupi mno. Moyo ukishatolewa huvumilia takriban saa 4 nje ya mwili kwa njia ya kawaida ya kuhifadhi kwenye barafu. Ini huweza kusubiri hadi saa 12 hivi. Ndiyo maana katika upasuaji wa pamoja moyo huwekwa kwanza, mara nyingi, kisha ini. Mtoaji, mpokeaji, timu mbili za wapasuaji, benki ya damu na chumba cha wagonjwa mahututi lazima viwe tayari kwa wakati mmoja. Haiwezekani kupanga siku miezi mitatu mapema.

Kumpeleka mgonjwa ng'ambo: ukweli ulivyo

Wakenya wengi huenda India kwa matibabu. Wengi wamerudi wakiwa wazima baada ya kupandikizwa figo au kipande cha ini kutoka kwa ndugu waliyesafiri naye. Kwa moyo, au moyo na ini, hali ni ngumu zaidi. Nchini India viungo vya waliofariki hugawiwa raia wa India kwanza. Mgeni hufikiriwa pale tu ambapo hakuna raia anayelingana na kiungo hicho. Afrika Kusini nayo inahitaji idhini ya waziri kabla ya asiye raia kupandikizwa kiungo.

Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kukaa katika nchi ya kigeni kwa miezi, akilipa kodi ya nyumba na vipimo, na asipate kiungo. Kabla ya kuuza ploti au kuitisha mchango, familia iketi na kuuliza maswali haya, na ipate majibu kwa maandishi:

1. Ni daktari gani bingwa nchini Kenya aliyethibitisha kwamba upandikizaji ndiyo njia iliyobaki, na barua yake iko wapi?
2. Kiungo kitatoka kwa nani? Ikiwa ni ndugu, ameeleweshwa hatari zake na amekubali bila kulazimishwa?
3. Ikiwa kiungo ni cha mtu aliyefariki, mgonjwa ataingizwa katika orodha gani ya kusubiri, na wageni husubiri kwa muda gani?
4. Hospitali hiyo imefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na wangapi walikuwa hai baada ya mwaka mmoja?
5. Gharama iliyotajwa inajumuisha nini? Malazi, mtu wa kumsindikiza, vipimo na matatizo yakitokea?
6. Akirudi Nairobi, ni kliniki gani itakayomfuatilia, na dawa za kila mwezi zitalipwa na nani mchango ukiisha?

Swali la sita ndilo linalosahaulika zaidi. Watu huchanga kwa ajili ya tiketi na upasuaji, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, na mgonjwa hubaki na gharama ya dawa isiyo na mwisho. Kamati ya mchango iliyo makini hutenga sehemu ya pesa kwa ajili ya dawa kabla ya mgonjwa kuondoka.

Jihadhari na walaghai na biashara ya viungo

Mtu akikuahidi moyo kwa tarehe maalum, au akisema ana "mtoaji tayari" wa moyo, anakudanganya au anafanya uhalifu. Hakuna njia halali ya kununua moyo popote.

Vivyo hivyo, kijana asidanganywe auze figo yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza biashara ya viungo vya binadamu. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kufuatia madai kuhusu utoaji wa figo, na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Vijana wasio na kazi ndio wanaolengwa na mawakala wa biashara hii. Pesa za figo huisha upesi. Kovu na hatari ya presha na ugonjwa wa figo iliyobaki humfuata mtu hadi uzeeni. Ukifuatwa na wakala, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Sheria hiyo hiyo inampa mtu mzima nafasi ya kutoa viungo vyake kwa hiari baada ya kufa. Anaweza kusema hivyo katika wosia, kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, au kwa tamko la mdomo mbele ya mashahidi wawili. Anaweza pia kubadilisha nia yake. Ni mazungumzo ambayo familia zetu hazijazoea, lakini Kenya haitapata mpango wa viungo vya waliofariki bila watu kuyaanza.

Kinga iliyo karibu na nyumbani

Kwa mkaazi wa kawaida wa Eastlands, sehemu muhimu zaidi ya makala haya ni hii. Magonjwa ya moyo na ini tunayoyaona zaidi hapa kwetu si yale ya kurithi yaliyotajwa hapo juu. Mengi yanazuilika.

Koo la mtoto. Mtoto mwenye koo linalouma, homa na tezi zilizovimba shingoni anaweza kuwa na bakteria ambayo, isipotibiwa, huleta homa ya rumatiki. Homa hiyo huharibu vali za moyo polepole, na madhara yake hujitokeza akiwa shule ya upili au, kwa msichana, anapobeba mimba. Mpeleke kituo cha afya. Usimpe mabaki ya dawa za mtoto wa jirani. Aliyekwisha kupata homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka kadhaa, na asiruke hata moja.

Presha. Presha isiyodhibitiwa huchosha moyo. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba hadi nyumba wana mashine za kuipima. Wakibisha, wafungulie.

Homa ya ini aina ya B. Virusi hivi husambaa kwa damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Havisambai kwa kula sahani moja. Chanjo yake imo katika ile ya watoto ya wiki 6, 10 na 14, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2001. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga. Uliza kuhusu kipimo na chanjo.

Pombe. Chang'aa na pombe nyingine kali, zikinywewa kwa wingi kwa miaka, huleta sirosisi na pia hudhoofisha misuli ya moyo. Kwa njia hiyo chupa moja huviua viungo viwili.

Mahindi yenye ukungu. Sumu ya aflatoksini huua ini. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika mashariki mwa Kenya. Mahindi au njugu zenye ukungu zisisagwe wala kuoshwa ili ziliwe, tupa.

Dalili za kutopuuza

Nenda kituoni bila kuchelewa ukiona: miguu inayovimba jioni, kupumua kwa shida ukipanda ngazi au ukilala chali, tumbo linalojaa maji, macho yaliyogeuka manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au mgonjwa wa ini kuanza kuchanganyikiwa ni dharura.

Uanzie wapi

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, kama vile vya Jericho, Makadara, Bahati, Umoja, Kayole au Dandora. Ikihitajika utapewa rufaa hadi Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Beba barua ya rufaa, matokeo yote ya vipimo na orodha ya dawa unazomeza.

Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa kubonyeza *147#, au kusaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Huduma katika vituo vidogo vya umma hupatikana ukishajisajili. Matibabu ya hospitali kubwa yanahitaji mchango wako uwe umelipwa. Usingoje hadi siku ya kulazwa.

Upandikizaji wa moyo na ini umewapa watu wengi duniani miaka ambayo hawakuitarajia, na huenda siku moja ukafanywa hapa nchini. Kwa leo, familia inayokabiliwa na uamuzi huo inastahili kujua ukweli wote kabla ya kuuza mali yake. Na kwa mzazi ambaye mtoto wake anaumwa na koo wiki hii, safari ya kituo cha afya ndiyo iliyo fupi zaidi.